Rebmann wa Kisuludini: Upweke Uliozaa Kamusi

Mwanafunzi yeyote aliyepita katika madarasa yetu ya historia anamjua Johannes Rebmann kwa sentensi moja tu: kwamba yeye ndiye Mzungu wa kwanza kuuona mlima Kilimanjaro, mwaka 1848. Sentensi hiyo hukaririwa, huulizwa katika mtihani, hupewa alama yake moja, kisha husahauliwa. Tarehe ni sahihi. Kipimo ndicho kinachonitatiza. Mtu huyu aliishi katika pwani yetu kwa miaka 29, na siku aliyouona mlima ule ilikuwa moja tu katika miaka hiyo. Iliyobaki, hasa ile 9 ya mwisho aliyoishi baada ya kufiwa na mkewe pale Kisuludini, Rabai, haina nafasi katika vitabu vya shule. Ndiyo ninayotaka kuizungumzia leo, kwa kuwa naamini kwamba ndiyo iliyotufaa zaidi sisi watumiaji na walimu wa lugha, na pia kwa kuwa inagusa swali ambalo jamii yetu hupenda kulikwepa. Mtu wa makamo aliyefiwa na mwenziwe, akaamua kuyapunguza maisha yake na kukaa peke yake, je, tumhurumie, tumlaumu, au tumwache?

Nakaa Mikindani, katika bara ya magharibi ya Mombasa, sehemu ambayo zamani ilihesabiwa kuwa ya Changamwe na ambayo sasa imo katika eneo bunge la Jomvu. Ukiiacha kelele ya malori katika barabara kuu ya Nairobi, ukashuka kwa miguu kuelekea kwenye mikoko, unafika kwenye ule mkono wa bahari unaotoka Tudor na kuingia bara. Siku za Rebmann huo mkono wa bahari ndio uliokuwa barabara. Mtu aliyetoka kisiwani Mvita kwenda Rabai alipanda mashua, akapita mbele ya hii mikoko yetu hadi maji yalipokoma, kisha akaparamia vilima kwa miguu. Leo tunapanda matatu hadi Mazeras, tukaiacha barabara kuu na kuifuata njia ya Rabai. Safari ni fupi, lakini walimu wengi wa hapa wameshawapeleka wanafunzi wao Nairobi kabla ya kuwapeleka Rabai.

Kabla ya kuingia katika maisha ya mtu huyu, niruhusiwe kufanya kile ambacho watu wa isimu hatuwezi kujizuia kukifanya, yaani kuyapima maneno. Kiswahili kina zaidi ya neno moja kwa hali ya kuwa peke yako. Upweke ni hali ya kutokuwa na mwenzako karibu. Ukiwa ni ile hali ya mtu aliyeachwa, aliyepotewa na watu wake, na mtu huyo huitwa mkiwa. Utawa ni kujitenga kwa hiari, mara nyingi kwa ajili ya ibada; na kutawa ni kukaa ndani bila ya kutokatoka. Maneno matatu, hali tatu. Lakini katika mazungumzo ya kila siku yote huchanganywa yakawa ugonjwa mmoja, na methali ya wazee hupitisha hukumu kwamba upweke ni uvundo.

Tena kuna neno la nne ambalo nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu wa chuo kikuu, na wachache sana wakalijua: mgane. Mgane ni mwanamume aliyefiwa na mkewe. Mjane kila mtu anamjua. Mjane wa Kiislamu ana eda yake ya miezi minne na siku kumi, ana vazi lake, ana mahali pake ndani ya nyumba, na jamii nzima inajua imtendee vipi. Mgane hana eda. Baada ya matanga huambiwa ajikaze, na baada ya arubaini huulizwa ataoa lini. Sishangai kwamba neno lenyewe linapotea vinywani mwa vijana. Jamii isiyoitambua hali fulani huwa haina haja ya kulihifadhi jina lake.

Nisijifiche nyuma ya maneno. Mimi ni mgane. Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita, nikiwa na umri wa miaka 42, na watoto hatukujaliwa. Nyumba kubwa tuliyopanga niliirudisha kwa mwenyewe, vyombo nikavigawa kwa jamaa zake na zangu, nikahamia vyumba viwili hapa Mikindani pamoja na kitanda, jiko, redio na vitabu. Nafundisha, narudi, napika chakula cha mtu mmoja, nasoma, nalala. Shangazi yangu huja kila likizo na jina jipya la mchumba. Wenzangu kazini husema kwamba nimeshuka. Majirani hunisalimu kwa ile sauti wanayosalimiwa wagonjwa. Wote wananitakia mema, nami nawashukuru, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama maisha haya yananifaa. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba namtazama Rebmann kwa jicho la mtafiti peke yake. Namtazama pia kama mtu atazamavyo jirani aliyepita njia hiyohiyo mbele yake, akitaka kujua ilimfikisha wapi.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, karibu na Stuttgart, kusini mwa Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa mizabibu. Alisomea kazi ya umisionari Basel, Uswisi, kisha akachukuliwa na Church Missionary Society ya Uingereza, akaongeza masomo Islington, London, akatawazwa mwaka 1845. Mwezi Juni mwaka 1846 alishuka Mombasa, akiwa kijana wa miaka 26.

Aliyempokea ni Johann Ludwig Krapf, Mjerumani mwenziwe, ambaye alikuwa ametangulia kwa miaka miwili. Krapf naye alikuwa mgane. Mwezi Julai 1844, majuma machache tu baada ya kuhamia Mombasa, homa ilimchukua mkewe Rosine, na siku chache baadaye ikamchukua binti yao mchanga. Wote wawili walizikwa bara, upande wa Kisauni, na kaburi lao lipo mpaka leo. Krapf aliukabili msiba wake kwa mwendo. Alisafiri Usambara na Ukambani, akabuni mipango mikubwa ya mlolongo wa vituo vya misheni utakaolivuka bara zima kutoka pwani hii hadi ya magharibi, akaandika, akachapisha, na mwaka 1853 afya yake ilipomshinda akaondoka. Huko kwao alioa tena. Simlaumu hata kidogo. Kila aliyefiwa hushika dawa iliyo karibu na mkono wake, na kwa Krapf dawa hiyo ilikuwa njia.

Hapo mwanzo Rebmann pia alikuwa mtu wa njia. Mwaka 1846 hao wawili walifungua kituo chao kati ya Warabai, na mwezi Aprili 1848 Rebmann akaondoka kwenda Uchaga pamoja na wapagazi wachache, wakiongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyeijua njia ile kwa miaka mingi ya biashara. Tarehe 11 Mei aliona weupe juu ya mlima. Alipouliza ni kitu gani, aliyekuwa akimwongoza hakuwa na jina la kukiita ila baridi. Kwa mtu wa lugha hilo ni tukio kubwa kuliko mlima wenyewe. Hapa palikuwa na kitu bila jina mahsusi katika kinywa cha msemaji, na msemaji akakipa jina la athari yake mwilini. Rebmann alielewa mara moja, kwa sababu kwao Gerlingen kitu hicho kilimwangukia kila mwaka.

Huko London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuikanyaga ardhi hii, aliipinga habari hiyo kwa miaka mingi akidai kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Safari za Karl Klaus von der Decken za mwaka 1861 na 1862 ndizo zilizoumaliza ubishi huo machoni pa wasomi wa Ulaya. Wachaga, bila shaka, hawakuwa wakingoja uamuzi wa London ili wajue kilicho juu ya mlima wao. Ndiyo maana nawaomba walimu wenzangu waitengeneze ile sentensi ya mtihani: Rebmann ndiye Mzungu wa kwanza aliyeandika habari za theluji ya Kilimanjaro, akisaidiwa na watu waliokuwa wakiujua mlima huo tangu hapo.

Alirudi Uchaga mara mbili zaidi. Katika safari ya tatu, mwaka 1849, alikusudia kupita hadi Unyamwezi, lakini Mangi Mamkinga wa Machame alimkamua mali yake yote ya safari kwa jina la zawadi, akarejea pwani mikono mitupu na mgonjwa. Tangu hapo hakufanya tena safari kubwa ya bara. Yeye na mwenziwe Jakob Erhardt walikusanya habari za wasafiri wa Kiswahili na Kiarabu wakachora ramani iliyotolewa Ulaya katika miaka ya 1855 na 1856, ikionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya bara. Ziwa hilo halikuwa sahihi, kwa kuwa maziwa matatu yaliunganishwa yakawa moja, lakini ramani hiyo ndiyo iliyowachochea Richard Burton na John Speke kuja. Mwezi Januari 1857 Burton alipanda Kisuludini kumwona Rebmann. Rebmann hakufuatana nao. Wao wakaenda kutafuta maziwa na sifa, yeye akabaki na karatasi zake.

Mwaka 1851 alikuwa amesafiri hadi Misri na kumwoa huko Emma, mwanamke Mwingereza aliyekuwa katika kazi hiyohiyo ya misheni. Mtoto wao wa pekee alifariki akiwa na umri wa siku chache. Hawakupata mwingine. Waliishi pamoja kwa miaka 15, katika homa, katika uhaba, katika mashambulizi ya Wamasai ya mwaka 1857 yaliyowalazimu kukimbilia Unguja kwa muda, kisha katika kurudi na kuanza upya. Mwaka 1866 Emma alifariki. Rebmann alikuwa na miaka 46.

Hapa ndipo vitabu vinapopita mbio, na hapa ndipo mimi ninaposimama. Mambo yote ya kawaida yalimwita arudi. Alikuwa ametumikia miaka 20. Afya yake ilikuwa mbovu na macho yameanza kupungua nuru. Waliobatizwa walikuwa wachache mno, kiasi kwamba misheni ingeweza kukifunga kituo bila mtu kulalamika. Wenziwe wa mwanzo walikuwa wameshaondoka au wamekufa. Kwao kulikuwa na jamaa, na kulikuwa na mke wa pili kama angemtaka. Hakwenda. Alibaki katika nyumba ndogo ya misheni mlimani, pamoja na familia chache za Warabai na watu waliokombolewa utumwani walioletwa kutoka India mwaka 1864, wale walioitwa Waafrika wa Bombay. Maisha yake yakapungua hadi yakawa na vitu viwili tu: watu wa kijiji kile na maneno yao.

Maneno hayo yalikuwa ya lugha tatu. Ya kwanza ni Kiswahili cha Mvita. Ya pili ni Kirabai, ambacho wakati huo kilitiwa katika jina la jumla la Kinyika, jina ambalo Wamijikenda wenyewe wamelikataa, na wana haki. Ya tatu ni lugha ambayo haikusemwa kabisa katika vilima vile, nayo ni Kiniassa, yaani lugha ya watu wa Maravi, magharibi ya ziwa Nyasa, ambayo leo tunaiita Kichewa. Mwalimu wake katika lugha hiyo alikuwa mtu mmoja aitwaye Salimini, aliyetekwa kwao akauzwa hadi kufika Mombasa, na ambaye alikuwa bado mtumwa Rebmann alipoanza kuketi naye, mwaka 1853.

Namsihi msomaji asimpite Salimini haraka. Tunapozungumza juu ya msiba na upweke tusisahau mizani. Rebmann alipoteza mtoto na mke, lakini alikuwa na jina lake, na njia ya kurudi kwao ilikuwa wazi siku yoyote aliyotaka. Salimini alinyang'anywa nchi, ukoo, lugha ya kusema na majirani, na hata umiliki wa mwili wake. Mombasa hakuwa na mtu wengi wa kuzungumza nao kwa lugha ya mama yake. Yawezekana kwamba saa alizokaa na yule Mjerumani, akitaja majina ya mimea ya kwao, ya vyombo vya kwao na ya jamaa wa kwao, zilikuwa miongoni mwa saa chache alizoweza kuwa mtu wa kwao tena. Kamusi ile ina jina la Rebmann juu ya jalada. Kwa haki ingekuwa na majina mawili.

Sasa nieleze kwa nini naunganisha upweke wa mtu huyu na kazi yake, maana anayeisoma habari hii anaweza kudhani kwamba mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati tu. Aliyewahi kukusanya msamiati anajua kwamba neno halikamatwi kwa kuuliza mara moja. Ukienda kijijini kwa juma moja utarudi na majina ya viungo vya mwili, ya wanyama, ya rangi na ya nambari. Neno la mazishi huja siku ya mazishi. Neno la aina ya mvua hungoja mvua hiyo inyeshe. Neno la kumkemea mtoto mtundu huwezi kuliuliza. Ni lazima mtoto atundue nawe uwe kibarazani ukisikia. Kisha kila neno lirudiwe kwa msemaji wa pili na wa tatu, litafutiwe wingi wake, lijaribiwe katika sentensi, na litenganishwe na ndugu yake anayefanana naye. Msafiri hupata jina la mlima. Aliyetulia mahali pamoja hupata majina ya vyungu, vifuniko na mafiga. Kazi ya namna hiyo humtaka mtu asiye na haraka ya kwenda popote, na Rebmann baada ya mwaka 1866 hakuwa na haraka ya kwenda popote.

Hata hivyo singependa kumtengenezea utakatifu. Upweke wake ulikuwa na kasoro zake, nazo zinatufundisha pengine zaidi ya mafanikio yake. Alikuwa mkaidi. Wakubwa wake waliona kwamba anakikalia kituo bila kukikuza, na hawakukosea kabisa. Kasoro kubwa zaidi, kwa macho yangu, ni kwamba alizikalia pia kamusi zake. Alisahihisha, akasahihisha masahihisho, akaongeza pambizoni, wala hakuzitoa. Mtu anayeishi peke yake hukosa yule mwenzi wa kumwambia kwamba sasa inatosha. Miaka ikapita, karatasi zikaongezeka, na macho yakaendelea kufifia. Sir Bartle Frere alipofika Mombasa mwaka 1873, katika ujumbe wake wa kumshinikiza Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa, alimkuta mzee wa Kisuludini karibu kipofu, amezama katika kamusi ambazo yeye mwenyewe hakuweza tena kuzisoma.

Fikirini hatari ile. Homa moja tu au moto mmoja wa paa la makuti ungetosha kuteketeza kazi ya miaka zaidi ya 20 katika lugha tatu. Kilichoiokoa ni watu. Misheni ilimtuma William Salter Price, aliyefika mwishoni mwa mwaka 1874 kuanzisha makazi ya watumwa waliokombolewa pale Kisauni, ambayo ndiyo Frere Town ya leo. Mwaka 1875 Rebmann alikubali hatimaye kuondoka, baada ya miaka 29. Kwa kuwa hakuona, aliongozwa na kijana Mrabai, Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa Warabai wa mwanzo kabisa waliobatizwa. Mara nyingi tumezoea picha ya Mzungu akimwongoza Mwafrika. Hapa Mrabai ndiye aliyeyavuka maji hadi Ulaya akiwa macho ya mzee aliyekuja kumfundisha baba yake.

Rebmann alifika kwao, mahali ambapo watu waliomjua walikuwa wachache. Alikwenda kukaa Korntal, karibu na Krapf, rafiki yake wa ujana. Na hapo mtu huyu aliyekaa peke yake kwa miaka 9 alifanya jambo ambalo shangazi yangu atafurahi kulisikia: alioa tena, mwaka 1876. Upweke wake haukuwa nadhiri. Aliushika ulipokuwa na kazi, na kazi ilipokwisha akauweka chini. Tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo alifariki, na alizikwa hapohapo Korntal, ambako Krapf pia alizikwa miaka mitano baadaye.

Kisha kamusi zikaanza kutoka, moja baada ya nyingine, wakati mwenyewe hayupo. Ile ya Kiniassa ilihaririwa na Krapf na kuchapwa karibu na Basel mwaka 1877, nayo ndiyo kamusi ya kwanza kabisa ya lugha ambayo leo husemwa na mamilioni ya watu katika Malawi, Zambia na Msumbiji. Kamusi kubwa ya Kiswahili ilitolewa London mwaka 1882 kwa jina la Krapf, ambaye naye alikuwa amekwisha kufariki, na ndani yake umo mchango wa Rebmann. Ile ya Kinyika, kazi ya hao wawili, ilitolewa mwaka 1887 baada ya kuhaririwa na T. H. Sparshott.

Sisi wa Mombasa tuna deni maalumu kwa ile ya mwaka 1882. Wakati Kiswahili sanifu kilipojengwa, kuanzia uamuzi wa mwaka 1928 hadi Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, msingi uliochaguliwa ni Kiunguja, na Kimvita kikaachwa kando pamoja na hazina yake ya ushairi. Anayetaka leo kujua neno fulani la washairi wa Mvita wa karne ya 19 lilikuwa na maana gani katika masikio ya watu wa wakati huo, ataifungua kamusi hiyo. Wanafunzi wangu huifungua bila ya kujua kwamba sehemu ya yaliyomo ilikusanywa na mtu aliyekuwa akipofuka taratibu, umbali wa saa chache za mashua kutoka kisiwani.

Nirejee katika swali letu. Kutokana na maisha haya nimepata mambo mawili ambayo ningependa kuwaachia wasomaji, hasa walimu na wanafunzi.

Jambo la kwanza linawahusu waliofiwa na wanaowazunguka. Kuyapunguza maisha si sawa na kuyakatia tamaa. Mtu aliyepotewa na mwenziwe anaweza kuchagua nyumba ndogo, meza ndogo na mazungumzo machache, na asiwe mgonjwa. La kumwuliza ni hili: je, ana kazi inayomwamsha asubuhi, na je, mlango wake uko wazi? Rebmann alikuwa na vyote viwili. Kazi yake yenyewe ilihitaji midomo ya wengine, kwa hiyo hata katika upweke wake hakuweza kuwafungia watu nje. Pale ambapo kazi haipo na mlango umefungwa, hapo upweke umegeuka kuwa ukiwa, na jamaa wana wajibu wa kubisha hodi, tena kwa nguvu. Kwa hiyo ile methali ya wazee siikatai. Naisoma kama onyo kuhusu chumba kisichofunguliwa madirisha. Anayekaa ndani ya chumba chenye hewa hahukumiwi nayo.

Jambo la pili linahusu makabati yetu. Najua walimu, katika shule za hapa bara na katika vyuo, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakikusanya maneno, vitendawili na majina ya samaki, na karatasi zao zimelala zikingoja kukamilika. Hazitakamilika. Hakuna kamusi iliyowahi kukamilika. Rebmann alipata Nyondo wa kumshika mkono na Krapf wa kumhariria. Si kila mtu atapata watu hao. Jirani zangu wa Jomvu Kuu wana lahaja yao, Kijomvu, ambayo wenye kuisema sawasawa wanazidi kupungua huku mji ukiwasonga pande zote. Mikindani imejaa vijana waliokuja kutoka kila pembe ya Kenya kutafuta kazi bandarini na viwandani, na wengi hawajui kwamba mwendo mfupi tu kutoka walipopanga kuna Kiswahili cha kale kisicho cha redio wala cha mtihani. Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu ana daftari na kalamu. Akiandika maneno 20 ya bibi mmoja wa Jomvu au wa Rabai, pamoja na jina la bibi huyo, atakuwa ameanza vizuri kuliko Rebmann, ambaye jina la Salimini halikufika kwenye jalada.

Mimi nimeanza. Meza yangu ya chumba cha pili ina visanduku viwili vya kadi, na Jumamosi mzee mmoja wa Jomvu hunijia baada ya swala ya alasiri, tukanywa kahawa na kuzungumza majina ya upepo, ya nyavu na ya maji yanavyojaa na kupwa. Mke wangu angepapenda hapa. Nimejiwekea muda wa miaka mitatu, na kadi zitakazokuwa tayari wakati huo zitakwenda kwa mchapishaji jinsi zilivyo, na makosa yake, ili wengine wayasahihishe tukiwa hai. Shangazi anakaribishwa. Kuna kiti cha ziada, na yeye anajua majina ya mapishi ambayo mzee wangu hayajui.